Kizuri Chajiuza, Lakini Ni Nani wa Kukieleza?

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Sidhani kama ipo methali inayopendwa na wenye migahawa kuliko hii. Mteja akilalamika kuwa amengojeshwa mno, akaletewa asichoagiza, kisha akajibiwa kwa mkato, huulizwa swali moja tu: "Lakini chakula chenyewe si kilikuwa kitamu?" Akikiri kuwa kilikuwa kitamu, kesi yake huwa imekwisha papo hapo. Utamu umefuta makosa yote.

Makala haya yanakusudia kuihoji hukumu hiyo. Nimechagua kuihoji mahali ambapo, kwa maoni yangu, haiwezi kusimama kabisa, yaani katika migahawa ya vyakula vya mimea mitupu: vyakula visivyo na nyama, samaki, mayai, maziwa, samli wala asali. Nimechagua pia Kisiwa cha Mombasa, ambako vyakula vya aina hiyo hupikwa kwa ustadi wa hali ya juu. Hoja yangu ni nyepesi kuieleza, ingawa si nyepesi kuitekeleza. Mtu anayekula kwa sharti, liwe sharti la dini, la dhamiri au la daktari, hawezi kuonja kwanza ndipo ajue. Ni lazima aambiwe kabla hajatia tonge kinywani. Kwa mtu huyo, kauli ya mhudumu ni kiungo kimojawapo cha chakula. Kauli ikiharibika, chakula nacho kimeharibika, hata mpishi awe hodari namna gani.

Mji uliokula mimea kabla ya kupewa jina

Hapana shaka wapo watakaosema kwamba ulaji wa mimea mitupu ni mtindo wa kigeni, anasa ya watalii na vijana wenye pesa, na kwamba jarida la Kiswahili lina mambo mazito zaidi ya kujadili. Ni kweli kwamba jina ni geni. Mwaka 1944 huko Uingereza, Donald Watson na wenzake walibuni neno "vegan" ili kujitofautisha na wale wanaoacha nyama ilhali wanaendelea kutumia maziwa na mayai. Jina hilo, basi, halijafikia hata umri wa babu zetu wengi.

Ulaji wenyewe, hata hivyo, ni mkongwe. Waumini wa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia wamejizuia nyama, maziwa na mayai katika siku za mfungo kwa karne nyingi, na ndiyo sababu mikahawa ya Kihabeshi huwa na sinia la vyakula vya mfungo. Mombasa nayo ina historia yake. Ukitoka Marikiti, soko lililojengwa mwaka 1914, ukaingia Barabara ya Langoni, utaliona hekalu jeupe la Wajaini lililojengwa mwaka 1963. Wajaini hawali nyama, samaki wala mayai. Wale wanaoshika dini yao barabara hawali hata vitunguu, saumu wala viazi, kwa kuwa kung'oa mzizi ni kuuangamiza mmea mzima pamoja na vijidudu vinavyoishi udongoni. Wahindu wengi wa kisiwa hiki nao hawagusi nyama. Lakini maziwa na samli wanavitumia, na hapa ndipo penye mtego wa kwanza wa lugha: chakula "kisicho na nyama" si lazima kiwe chakula cha mimea mitupu.

Tuje kwenye jiko la Waswahili wenyewe. Hili ni jiko la nazi. Tui hufanya kazi ambayo kwingineko hufanywa na maziwa, malai au siagi. Kwa hiyo mwenyeji wa Mji wa Kale anaweza kula kutwa nzima bila ya kugusa kitu cha mnyama na asijue kuwa amefanya jambo lenye jina. Asubuhi atakula mbaazi za nazi. Mchana atapata wali wa nazi kwa mchicha, au kunde, au mchuzi wa bamia na biringani, na achari ya maembe pembeni. Alasiri atanunua viazi karai vilivyochovywa katika unga wa dengu, na ukwaju juu yake. Jioni atakwenda Mama Ngina kupunga upepo, anywe dafu na kutafuna muhogo uliokatwa vipande vyembamba na kukaangwa, uliotiwa pilipili na ndimu. Muhogo huo na pilipili hiyo vilitoka bara la Amerika, sawa na nyanya na mahindi, vikawa vyetu kiasi kwamba hakuna tena anayevidhania wageni. Mwaka 2021 UNESCO iliitia kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya kiasili katika orodha yake ya mifano bora ya kuhifadhi urithi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilihusu mboga za majani. Hatuzungumzii chakula cha kuazima hapa.

Lakini jiko hilihili lina siri zake. Mahamri ya nyumba hii hukandwa kwa tui, na ya nyumba ya pili hukandwa kwa maziwa ya unga. Mkate wa sinia, ambao kwa macho ni wa mchele na nazi, mara nyingi hutiwa ute wa yai. Kaimati za mpishi mmoja huumuliwa kwa hamira peke yake, na za mwingine huongezwa mtindi. Wali unaometa huenda unameta kwa tui, au kwa samli. Jicho haliwezi kutofautisha. Ulimi wenyewe mara nyingi hauwezi. Anayejua ni yule aliyepika, au yule aliyeambiwa na aliyepika.

Nilichokishuhudia mezani

Wakati wa utafiti wangu wa shahada ya uzamili, unaonilazimu kukaa Mombasa kwa vipindi virefu, nilikwenda kula katika ukumbi mmoja wa vyakula kisiwani. Ni ukumbi wa kisasa: vibanda kadhaa vya wapishi vimezunguka meza za pamoja, na vyote huuza vyakula vya mimea mitupu. Sitautaja jina, kwa sababu niliyoyakuta pale nimeyakuta pia kwingine, na nia yangu si kuuaibisha ukumbi mmoja kwa kosa la wengi.

Nianze na haki ya mpishi. Chakula kilikuwa kizuri kwelikweli. Mbaazi zilikuwa zimeiva bila ya kuvurugika, tui limeshikana nazo, iliki imesikika bila ya kupiga kelele. Biringani zilikuwa zimeokwa zikalainika. Sisi tuliotoka bara, tuliolelewa kwa mboga za kuchemsha na chumvi, hatuna budi kuvua kofia mbele ya mpishi wa aina hiyo.

Huduma ilikuwa habari nyingine. Nilikaa karibu dakika ishirini kabla ya mtu yeyote kunitazama. Nilipoagiza, kijana aliyenihudumia hakuandika kitu, na baadaye nikaletewa sahani ya meza ya jirani. Nilipouliza kama wali umetiwa samli, alinijibu, "Hiyo haina shida, dada." Nikamuuliza kwa mara ya pili, kwa upole, haina shida kwa maana haina samli, au haina shida kwa maana samli si shida? Akaguna, akaondoka, wala hakurudi na jibu.

Haya yangeweza kuchukuliwa kuwa maudhi madogo ya mtu mwenye njaa, nami nisingepoteza wino juu yake. Lakini meza ya pili alikuwapo mzee mmoja wa asili ya Kihindi, mwenye kusema Kimvita fasaha ambacho sisi wanafunzi wa Kiswahili tungekionea wivu. Mzee yule aliuliza jambo moja tu: "Kijana wangu, hii dengu ina kitunguu?" Akaambiwa haina. Chakula kikaja. Akachota kijiko kimoja, akakitazama, akakirudisha sahanini. Kitunguu kilikuwamo, kimekatwakatwa na kukaangwa. Hakupaza sauti. Alikunywa maji, akalipa, akamtakia kijana kila la heri, akaondoka na njaa yake.

Nauliza sasa: katika meza ile, methali yetu ina maana gani? Dengu ilikuwa nzuri, na ya kwangu nililamba sahani. Kwa mzee yule haikuwa nzuri wala mbaya. Haikuwa chakula. Kilichoifanya isiwe chakula ni neno moja, "haina", lililotamkwa na mtu asiyejua.

Ukarimu na huduma ni vitu viwili

Watu wengi wakielezwa kisa kama hiki hukimbilia maombolezo: "Waswahili wamepoteza ukarimu wao." Mimi siafiki. Maombolezo hayo yanachanganya mambo mawili ambayo lugha yetu imeyatenga kwa makini. Ukarimu ni wa mgeni, na huduma ni ya mteja. Mgeni hukaribishwa na mwenye nyumba, kwa chakula cha nyumba ile, wala halipi. Mteja hulipa, na anayemhudumia si mwenye nyumba. Kumdai mhudumu ukarimu wa nyumbani ni kumdai kitu ambacho hakukipewa akigawe. Kijana yule si mwenyeji pale. Naye pia ni mgeni, tena mgeni anayesimama.

Linganisha na wanawake wanaouza vyakula barazani katika vichochoro vya Mji wa Kale, upande wa Kibokoni na Kuze. Huko hakuna menyu, hakuna sare, na kiti ni benchi la mbao. Lakini muulize mama anayeuza mahamri kama ametia maziwa, atakujibu mara moja: "Tui tupu, mwanangu. Nazi nimeikuna mwenyewe alfajiri." Au atakwambia kwa unyofu uleule, "Leo yana maziwa, chukua viazi." Mama huyu huenda ni mkali kuliko mhudumu yeyote wa mjini. Huenda hana tabasamu. Lakini kauli yake ina uzito kwa sababu mkono uliokanda unga ndio unaopokea pesa, na mdomo unaojibu ni wa mwili huohuo.

Ukumbi wa vyakula umeigawa kazi hiyo moja kuwa kazi tatu. Mmoja anapika ndani, mwingine anabeba sahani, wa tatu anapokea pesa. Mgawanyo huo si dhambi, kwa maana ndio unaowezesha watu mia moja kula kwa saa moja. Lakini gharama yake ni kwamba maarifa ya chakula yamebaki jikoni, na anayekabiliana na mteja amebaki mikono mitupu. Nilipokuwa nikilipa nilimuuliza kijana yuleyule kama yeye anazipenda zile mbaazi. Alicheka. "Sijawahi kuzionja, dada. Sisi twala kule nje, kibandani."

Jibu hilo lilinifundisha zaidi ya kitabu kizima cha usimamizi. Tunamlaumu kijana kwa kutojua ladha ya kitu alichokatazwa, au asichomudu, kukionja. Tunamtaka atueleze kilicho ndani ya chungu ambacho hajapata kukifunua. Ujira wake ni wa siku, na kesho huenda yupo au hayupo. Kwa nini ajihangaishe kuuliza jikoni, ambako naye ataguniwa? "Haina shida" ni ngao ya mtu asiye na jibu na asiyeruhusiwa kusema kuwa hana.

Menyu iliyomfukuza mwenyewe

Lipo jambo la pili, nalo linatuhusu sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili moja kwa moja. Menyu ya ukumbi ule iliandikwa kwa Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Mbaazi za nazi, chakula ambacho kila mtoto wa Majengo anakijua tangu hajaota meno, zilikuwa zimepewa jina la Kiingereza lenye maneno sita. Muhogo ulikuwa umepambwa kwa jina ambalo ilinibidi nilisome mara mbili. Kijana mhudumu, kwa lafudhi yake mtoto wa Mombasa, alilisoma kwa kusitasita kama anayesoma dawa ya mtu mwingine.

Tazama kejeli ya jambo lenyewe. Huyu ni mtu aliyekulia katika jiko la nazi. Lau angeulizwa na shangazi yake mbaazi hupikwaje, angeeleza hatua kwa hatua. Lakini kazini amepewa karatasi iliyokibadili jina chakula cha kwao hata asikitambue, kisha akaambiwa akieleze kwa lugha ambayo hakufundishwa kupikia. Ujuzi anao, ila umefungiwa nje ya mlango pamoja na lugha yake.

Na lugha hiyo ina zana ambazo Kiingereza cha menyu hakina. Kiswahili hutofautisha kuchoma na kubanika, kuchemsha na kutokosa. Hutofautisha tui la kwanza lililo zito, yaani kasimele, na tui jepesi linalofuata. Zaidi ya yote, kina kitenzi kuunga. Mboga ikishaiva huungwa, na kuungwa kwake ndiko kunakoleta mafuta au samli, kitunguu, saumu na nyanya. Mlaji mwenye sharti akiuliza, "Mboga hii imeungwa kwa vitu gani?", ameuliza kwa sentensi moja karibu yote anayohitaji kuyajua. Mjaini atapata jibu lake, asiyetumia maziwa atapata lake, na mwenye kudhuriwa na njugu atapata lake. Tuna kitenzi kinachookoa, nasi tumekiacha jikoni.

Isitoshe, suala hili si la mapenzi ya lugha peke yake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekitaja Kiswahili katika Kifungu cha 7 kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 cha Katiba hiyohiyo kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, pamoja na habari anazohitaji ili anufaike nazo kikamilifu. Ikafuata Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Soma vifungu hivyo viwili kwa pamoja, kisha ujiulize: habari iliyoandikwa kwa lugha ambayo anayeitoa haielewi vizuri, imempa nani nini? Mzee wa dengu alikuwa akidai haki iliyoandikwa, ingawa aliidai kwa adabu hata ikaonekana kama fadhila.

Pingamizi mbili

Huenda mwenye mgahawa akanijibu kwamba wateja wake ni watalii wanaokuja kuitazama Ngome ya Yesu, nao hawajui Kiswahili. Sikatai. Ngome hiyo, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na ambayo UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011, huleta wageni wengi, nao wana haki ya kusoma. Lakini karatasi ina pande mbili. Upande mmoja ukiandikwa Kiingereza na wa pili Kiswahili, mtalii hapotezi chochote, na mhudumu anapata pa kushika. Hata mtalii mwenyewe atafaidika, kwa kuwa mhudumu aliyeelewa chakula kwa lugha yake ataweza kukieleza kwa lugha yoyote anayoimudu, japo kwa maneno machache.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi, na inatoka kwa wafanyakazi wenyewe: wateja nao ni watovu wa adabu. Hili nalo ni kweli, nami nimeliona. Kuna mteja anayemwita mhudumu kwa kupiga mluzi. Kuna anayemwita "we!" mtu aliyemzidi umri. Kuna anayemtupia pesa mezani kama anayemtupia kuku mtama. Wapo hata wasomi wa Kiswahili, wanaojadili utu katika tamthilia darasani asubuhi na kuusahau utu huo mchana mbele ya sahani ya viazi. Kauli njema ni deni la pande zote mbili. Lakini aliyeanzisha biashara ndiye mwenye kupanga mazingira ya kauli hiyo, na ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kulilipa.

Tufanye nini?

Kwa wenye migahawa nina mapendekezo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mtaji mkubwa. La kwanza, mhudumu aonje. Kila asubuhi kabla ya milango kufunguliwa, wahudumu wakusanywe jikoni, mpishi afunue vyungu, aseme kimoja baada ya kingine kimeungwa kwa vitu gani, na kila mmoja apate kijiko. La pili, mhudumu apewe ruhusa ya kusema "sijui, ngoja nikuulizie," na mpishi apewe wajibu wa kumjibu bila ya kuguna. Neno "sijui" likifuatwa na jibu la kweli lina heshima kubwa kuliko "haina shida" elfu moja. La tatu, mteja aambiwe mapema chakula chake kitachukua muda gani. Kungoja kunakojulikana mwisho wake ni nusu ya kungoja.

Kwa wenye mamlaka ya elimu, nakumbusha kwamba nchi hii haina ugeni na taaluma ya huduma. Chuo cha Utalii kilianzishwa Nairobi mwaka 1975, na hoteli nyingi za pwani zimepata wahudumu wake. Lakini vijana wa kumbi za vyakula mjini wengi hawajapita huko wala hawatapita. Mafunzo ya siku chache, yatolewayo kwa Kiswahili na palepale mjini, yangewafaa zaidi ya cheti wasichoweza kukilipia.

Kwetu sisi wanachama nina neno la mwisho. Kila tarehe 7 Julai, tangu UNESCO ilipoitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, tunahutubiana juu ya ukuu wa lugha hii. Tunasoma makala kuhusu istilahi za sayansi, sheria na teknolojia. Yote hayo ni mema. Lakini ni nani kati yetu ameketi na wapishi wa Mji wa Kale akaorodhesha vitenzi vya jiko, majina ya mikate, hatua za tui, na tofauti za achari? Ni nani aliyemwandikia mwenye mgahawa, hata mmoja, menyu ya Kiswahili sanifu chenye harufu ya Kimvita, inayoeleza wazi kilichomo na kisichomo katika kila sahani? Napendekeza chama chetu kiifanye kazi hiyo kwa likizo moja. Wanafunzi kumi, madaftari kumi, vichochoro vichache kutoka Langoni hadi Kibokoni. Tukirudi na faharasa ya kurasa ishirini, tutakuwa tumeifaa lugha kuliko hotuba za miaka mitatu.

Nirejee kwenye methali ya wahenga. Kizuri chajiuza, naam, kwa mtu anayeweza kukitazama, kukinusa na kukionja kabla hajaamua. Waliotunga methali hii waliishi sokoni, mahali ambapo muuzaji alikuwa mbele ya bidhaa yake na aliweza kujibu lolote. Hawakupata kuuona ukumbi ambamo aliyepika haonekani na anayeonekana hajaonja. Katika ukumbi kama huo kizuri hakijiuzi. Kinahitaji mtu wa kukisemea, na mtu huyo anahitaji kujua, kulipwa, kuheshimiwa na kupewa lugha yake. Mpishi wa Mombasa ameshatimiza wajibu wake. Uliobaki ni wa wenye migahawa, wa wateja, na wetu sisi tunaodai kuwa walinzi wa Kiswahili.